Punje ya Kahawa Tumboni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kabla hata sijaanza shule, nilijua kwamba Bibi yangu alikuwa na punje ya kahawa tumboni, na kwamba punje hiyo haitasagika kamwe. Aliimeza akiwa mwanamke kijana. Punje pacha yake ilikuwa tumboni mwa Nyakato, jirani yetu tuliyepakana naye mashamba, ambaye nyumba yake ilikuwa umbali wa kuitana tu kutoka kwetu, katikati ya migomba, upande wa juu wa Kemondo.

Vijana wa leo wanayasoma mambo haya vitabuni, kama wanayasoma. Sisi tuliyaita omukago. Watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa zaidi ya ndugu, walipasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, wakachanjana kidogo karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka punje damu yake na mwenzake akaimeza. Kwa kawaida lilikuwa jambo la wanaume, lakini Bibi na Nyakato hawakuwa watu wa kungoja ruhusa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyima mwenzake kitu wala kumdhuru. Mmoja akimsaliti mwenzake, punje ile ingevimba tumboni na kumuua. Padri alikuwa amesema mara nyingi kwamba huo ni ushenzi. Bibi alimsikiliza padri kwa adabu, akafanya ishara ya msalaba, na punje yake akabaki nayo.

Walipendana kwa kusemana. Karibu kila alasiri Nyakato alikuja, akaketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, Bibi akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa kavu ya kutafuna.

"Umekuja kunimalizia kahawa," Bibi alisema.

"Nimekuja kuona kama umekufa, nirithi jembe," Nyakato alijibu.

Waliweza kuendelea hivyo mpaka jua linapungua. Nyakato alipoondoka, Bibi alinituma nimbebee mkungu wa ndizi, na kila mara ulikuwa mkungu mnene kuliko ile tuliyokula sisi wenyewe. Nililiona jambo hilo na halikunipendeza, kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye uchoyo wa chakula. Nimekuwa na uchoyo wa mambo mengine pia, kama itakavyoonekana.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi. Vita Kuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Baba alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba, amepanga chumba Bilele pamoja na mama na wadogo zangu, nami nilikuwa nimeachwa kwa Bibi ili nimtekee maji, nimmenyee ndizi, na niende shule ya misheni. Shule ile ndiyo iliyokuwa roho yangu. Nilikijua Kiswahili kuliko wasichana wote wa darasa langu, na nilitembea kama mtu anayelijua hilo. Lakini magoti ya Bibi ndiyo yaliyoamua. Siku yalipokataa kuinuka, mimi nilibaki nyumbani. Mwaka ule yalikuwa yakikataa mara tatu kwa wiki, na mwalimu alikwisha kuniambia kwamba nikiendelea hivyo atalifuta jina langu kabla ya mtihani wa darasa la nne.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemshawishi Bibi tuende zahanati ya serikali. Tulitembea tangu asubuhi, yeye na fimbo yake, mimi nikibeba mkeka ili akichoka aketi. Magoti yalikuwa yamevimba na ukiyagusa yana joto. Mganga msaidizi, ambaye siku zile tulimwita dresa, aliyabonyeza polepole, akauliza tangu lini, akahesabu vidonge vyeupe juu ya kipande cha gazeti. Hakuwa Mhaya, na Bibi hakujua Kiswahili. Akanigeukia mimi.

"Sikiliza vizuri, binti. Hii ni aspirini. Inatuliza maumivu na inapunguza uvimbe. Viwili asubuhi, viwili jioni, awe ameshakula, sio kabla. Anywe na maji mengi, asinywe na pombe. Tumbo likianza kumchoma, aache. Akiona choo kimekuwa cheusi kama lami, aache siku hiyohiyo na mje hapa. Ni vya wiki moja tu, halafu nimwone tena. Umeshika?"

"Nimeshika."

Na nilikuwa nimeshika. Ningeweza kuyarudia yote bila kukosa neno, kama nilivyorudia katekisimu. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa.

Njiani Bibi aliniuliza, "Alikuwa anaongea sana yule kijana. Alisemaje?"

"Viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya kula."

Alisimama, akaegemea fimbo. "Baada ya kula? Dawa gani hiyo inayofuata chakula?"

Kwetu dawa ilinywewa alfajiri, tumbo likiwa tupu, kabla mgonjwa hajamsalimia mtu yeyote, isije ikachanganyika na chakula au na maneno. Ndivyo Bibi alivyokunywa mizizi na majani yote ya maisha yake, na alikuwa bado hai.

"Hakufundwa huyo," alisema. "Kuna kingine?"

Ni hapo. Nimerudi mahali hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote, barabara nyekundu, Bibi ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananiangalia kwa imani yote. Niliwaza haraka. Nikimwambia kwamba dawa inaweza kumchoma tumbo na kumletea choo cheusi, hatainywa. Ataifukia migombani, na Jumatatu mimi nitakuwa nikimenya ndizi wakati wenzangu wanafanya hesabu.

"Hakuna kingine waitu," nilisema, kwa neno letu la heshima.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya nne Bibi alikwenda mwenyewe kisimani na kurudi. Nyakato alimwona akipita na mtungi kichwani, akamwita kutoka shambani kwake, "We mwanamke, umeiba miguu ya nani?" Bibi akaringa kama mwari. Alikuwa amekwisha kujipangia kipimo chake. "Magoti ni mawili," aliniambia. "Vidonge viwili yatagawanaje?" Kwa hiyo kila goti lilipata viwili vyake, vinne alfajiri kabla ya salamu, na vinne jioni kwa kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ili viteremke vizuri. Chakula chake cha kwanza kilikuwa cha mchana, akitoka shamba. Mimi nilikaa pembeni nikimwangalia akimeza, nikafunga daftari langu, nikaenda shule.

Vidonge viliisha kabla ya wiki, na hatukurudi kwa dresa. Vidonge vya namna ileile viliuzwa dukani Kemondo, vimefungwa kwenye vijikaratasi, na mwenye duka alikubali kubadilishana kwa mayai. Kila Jumamosi nilishuka na kikapu cha mayai nikapanda na aspirini. "Usimwambie baba yako," Bibi alisema, "atasema namaliza kuku." Nilifurahi kuwa na siri na mtu mzima. Kwa miezi miwili sikukosa shule hata siku moja, nikawa wa kwanza darasani, na mwalimu aliacha kutaja habari za kulifuta jina langu.

Kisha tumbo likaanza kumchoma. Alisema ni kiungulia. Akaacha kutafuna kahawa kwa kuwa ilimuunguza, na Nyakato akamtania kwamba amekuwa mzungu. Tumbo lilipozidi kuuma, alinywa vidonge viwili zaidi kwa ajili ya tumbo. "Nalo ni kiungo cha mwili," alisema. Nilimwona akipalilia, anasimama ghafla na kushika mgomba, amefumba macho, midomo haina rangi. Nilimuuliza kama ameumwa na kitu. Alinijibu kwamba uzee unamvizia, nikakubali jibu hilo upesi kuliko nilivyopaswa.

Alhamisi moja asubuhi niliingia katika choo chetu cha shimo baada yake, nikaona ukingoni alama nyeusi, ya kunata, inayong'aa. Nilijua. Neno la dresa lilinijia lote, na sauti yake. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Nilirudi jikoni, nikachota majivu kwa kata, nikayamwaga juu yake mpaka hakuna kilichoonekana, nikanawa mikono, nikaenda shule.

Jumamosi Bibi alitapika.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Shangazi Paskazia, dada yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muleba, na yeye ndiye aliyeshika beseni. Yaliyotoka yalikuwa meusi, yana chembechembe, kama machicha yanayobaki chini ya sufuria ya kahawa. Shangazi aliliinamisha beseni kwenye mwanga wa mlango, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni kahawa, mama," alisema.

"Sijatafuna kahawa mwezi huu wote," Bibi alijibu. "Muulize Nyakato. Muulize huyu mtoto."

Niliona jinsi wazo lilivyowaingia, kwanza Shangazi, kisha Bibi mwenyewe. Mimi pia liliniingia, nami nililelewa na watu haohao.

"Basi kahawa iliyobaki tumboni mwangu ni moja tu," Bibi alisema.

Alilala chali, akalitazama paa la nyasi juu yake kwa saa kadhaa. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakapiga magoti, wakatoa pole, wakaangalia beseni, wakatoka. Nje niliwasikia wakiulizana kwa sauti ya chini: amemfanyia nini Nyakato? Hakuna aliyeuliza amekunywa nini. Mtu alitumwa Bukoba kumwita Baba, mwingine misheni kumwita padri. Bibi alikuwa akihesabu maisha yake yote kutafuta kosa. Mtu akiyapekua maisha yake kwa hofu ya kufa, kosa halikosekani.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Chini ya kitanda kulikuwa na kikapu chenye vijikaratasi vya aspirini, vilivyojaa na vitupu. Nilivikusanya vyote ndani ya nguo yangu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachimba kwa kisu cha kumenyea, nikavifukia. Kama kweli sikujua, nilifukia nini? Swali hilo sijawahi kulipatia jibu lingine.

Nilipoingia ndani, Bibi aliniita. "Adventina, mwana wange. Nenda ukamwite Nyakato."

Nilimkuta akianika maharage. Aliponiona uso tu aliweka ungo chini. "Ana nini?"

"Anatapika. Anasema uje."

"Amekula nini?"

Aliniuliza hivyo, waziwazi, na tulikuwa wawili tu. Angeweza kukubali chochote ambacho ningesema. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa, asiye na makuu, na alinipenda. Nilifungua mdomo. Nikamwona Baba akifika kutoka mjini na kusikia habari za mayai, za choo, za maneno niliyoyameza barabarani. Nikajiona nimeondolewa shule, na nikiitwa muuaji na Shangazi mbele ya watu.

"Sijui," nilisema.

Nyakato alitembea mbele yangu haraka sana, karibu kukimbia, na alikuwa mzee.

Bibi aliomba watu watoke. Mimi alinibakiza ili nimshike mgongo aweze kuketi, kwa hiyo niliyasikia yote. Nyakato aliketi mahali pake pa kila siku, akamshika mguu.

"Nyakato, punje imegeuka," Bibi alisema.

"Usiseme hivyo."

"Imegeuka. Nimekukosea na nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Ulipofiwa na mume wako, ukakaa ndani kwa matanga, hukutoka kwenda shambani. Siku zile niling'oa mulamula mitatu ya mpakani, upande wa kijito, nikaipanda upya ndani ya shamba lako. Hatua nne hivi. Tulikuwa na njaa mwaka ule, na wewe ulikuwa na migomba mingi na midomo michache."

Asiyejua kwetu ataona ni jambo dogo. Mulamula ndio mmea tunaopanda mipakani. Haufi upesi, na ukishausimika, umesema neno ambalo wajukuu watalisimamia. Watu wameuana kwa hatua nne. Na kumfanyia hivyo mjane aliyefungiwa ndani kwa kilio, tena mtu wa omukago, ni jambo ambalo hata sasa naliandika kwa aibu kwa niaba ya Bibi.

Nyakato hakuuondoa mkono wake mguuni mwa Bibi. "Upande wa kijito," alisema.

"Huko."

"Ndizi ulizokuwa ukinipa. Ile mikungu mikubwa."

"Zilitoka huko. Sikuwahi kukupa za mahali pengine. Nilishindwa kuirudisha mipaka, nikaona nikurudishie ndizi."

Nilikuwa nimemshika Bibi chini ya makwapa. Maneno yalikuwa yamenifika kooni: ni vidonge, Bibi, ni vidonge, nyamaza. Lakini alikwisha kusema. Nikajiambia kwamba limekwisha kutokea, kusema sasa hakutasaidia kitu. Huo nao ulikuwa uongo. Bado kungesaidia sana.

Hatimaye Nyakato alichukua maji kidogo kwenye kata, akayatia mdomoni, akampulizia Bibi kifuani na tumboni kama inavyofanywa kwetu kupoza jambo. "Nimekuachia," alisema. "Itulie. Usife." Akasimama, akapangusa nyasi nguoni. Kwenye mlango alisita kidogo, nilidhani atasema neno la kutania, kama ilivyokuwa desturi yao. Akainama chini ya kizingiti akaenda zake. Hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Bibi hakutapika tena. Baada ya siku chache alianza kunywa uji na maziwa, wiki mbili baadaye aliweza kuketi nje juani. Kijiji kizima kilisema ni omukago umetulizwa, na padri alipokuja kumpaka mafuta aliambiwa habari hiyo mlangoni na watu watatu. Kupona kwa Bibi kukawa ushahidi. Mimi peke yangu nilijua kwamba alipona kwa sababu hakuwa na kitu cha kumeza. Aliponiuliza vidonge vyake viko wapi, nilimwambia vimekwisha na dukani havipatikani. Hakuuliza mara ya pili. Alidhani maumivu ya magoti ni sehemu ya adhabu yake.

Wana wa Nyakato walilipeleka jambo la mpaka kwa mkuu wa kijiji. Mulamula ikarudishwa mahali pake mbele ya mashahidi, na Bibi alitolewa kwa kiti ili aonyeshe kwa fimbo. Baba, kwa aibu na kwa kuona mama yake hawezi tena kutunza mtoto, alinichukua Bukoba nikasome mjini. Shangazi Paskazia alihamia kumuuguza Bibi. Kwa hiyo shule niliipata, tena nzuri kuliko ile niliyoipigania. Jumamosi tulikwenda kuungama, na nilimwambia padri kwamba nilikula sukari ya mama na kwamba nilimtukana mdogo wangu.

Bibi aliishi miaka minne zaidi. Alasiri aliketi mlangoni, kikapu cha kahawa kavu pembeni, akiangalia migombani. Shangazi alisema anaangalia hewa tu, ni uzee. Nilikuja kila likizo, na nilijua anasikiliza nini.

Nilikwenda kujifunza uuguzi wakati bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea. Mwaka wa kwanza wodini aliletwa mzee mmoja mwenye maumivu ya mgongo, naye akatapika. Mtawa aliyetufundisha alishika beseni akatuita tusogee. "Tazameni," alisema. "Mtayaona tena haya, yanafanana kabisa na machicha ya kahawa, lakini ni damu iliyokaa na asidi ya tumbo. Muulizeni amekunywa aspirini ngapi, na kama alikuwa amekula." Akaeleza kwamba dawa inayoondoa uvimbe kwenye viungo ndiyo hiyohiyo inayolinyima tumbo ute wake wa kujikinga, na kwamba pombe na njaa vinaisaidia kuchubua, na kwamba damu ikishaanza kutoka, dawa yenyewe inaizuia isigande upesi. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Mpaka siku ile nilikuwa na tumaini dogo, la kijinga, kwamba labda kweli ilikuwa punje.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa Nyakato. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Nyakato alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, ameketi kwenye mkeka anachambua maharage kwa vidole, polepole. Nilipiga magoti nikamsalimia, akanitambua kwa sauti. Nikamwambia yote bila kujipendelea: maneno ya dresa, mayai, majivu chooni, vijikaratasi nilivyofukia.

"Kwa hiyo haikuwa punje," alisema.

"Haikuwa punje waitu. Ilikuwa damu yake. Vidonge vilimchubua tumbo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua vya kutosha."

Aliendelea kuchambua. "Ulipokuja kuniita nilikuuliza amekula nini."

"Uliniuliza."

"Ungenijibu, ningekuja na maziwa nimnyweshe. Nisingekuja kusikiliza maungamo." Alitupa harage moja bovu pembeni. "Wanangu walifurahi sana kurudishiwa migomba ile. Walichinja mbuzi. Mimi nilikuwa na mtu, nikapewa migomba badala yake, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kubadilisha."

Nilijaribu kujitetea kidogo, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba angalau ukweli ulitoka, kwamba vinginevyo yeye angekufa akidanganywa.

"Ningekufa nikidanganywa na mtu aliyekuja kuniletea ndizi kila wiki," alisema. "Sasa ukweli ninao humu ndani mwangu, na hauji kuketi nami."

Nilimuuliza kwa nini basi hakurudi kwa Bibi, kama alimpenda kiasi hicho na alikwisha kumsamehe. Alisema kwamba kila alipotaka kwenda aliona itaonekana anakwenda kuangalia kama adhabu imekwisha. Alikuwa akingoja Bibi amwite. Na Bibi, nilijua, alikuwa akingoja aje mwenyewe, kwa kuwa aliyekosa hathubutu kumwita aliyekosewa.

Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu. Nimetoa aspirini kwa maelfu ya mikono, na dawa nyingine za jamii yake zilizokuja baadaye zenye majina mapya na hatari zilezile, na wenzangu walinicheka kwa jinsi nilivyowashikilia wagonjwa dirishani nikiwarudisha kusema walichosikia: umekula, usizidishe, usichanganye na pombe, tumbo likichoma acha, choo kikiwa cheusi njoo. Waliona ni bidii. Nimesifiwa kwayo na sikuwahi kukataa sifa hizo.

Siwacheki watu wetu kwa omukago. Waliona kitu kilichofanana na kahawa, wakakitafutia maana kwa elimu waliyokuwa nayo, na kwa elimu hiyo hawakukosea hata hatua moja. Mmoja tu ndani ya nyumba ile alikuwa na elimu nyingine, ameipata kwa kwenda shule, na akaifunga mdomoni ili aendelee kwenda shule.

Na sio Nyakato ninayemfikiria zaidi, maana yeye angalau niliweza kumwambia. Miaka minne ile, kila likizo, nililala chumba kimoja na Bibi. Aliamka alfajiri akasali rozari nzima akiomba asamehewe, akidhani Mungu na punje wamemhukumu pamoja, na mimi nilikuwa macho kwenye mkeka wangu nikimsikiliza. Ningeweza kumwambia kwamba hakuna aliyemhukumu. Sikumwambia, kwa sababu angejua kwamba nilikuwa nimemshika mgongo, nikijua, nikamwacha aungame.